Nani Anayeozesha Mafuta? Uhakiki wa Istilahi za Minyoo na Uchafuzi wa Udongo

Tangu mwaka 2021, yalipofanywa marekebisho ya sheria yaliyokiweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya mahakama, uzito wa kazi ya mfasiri umezidi. Kadiri sheria, kanuni na taarifa za kitaalamu zinavyoandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili, ndivyo neno la Kiswahili linavyokuwa neno la kazi: ndilo litakalosomwa na hakimu, ndilo litakaloandikwa na afisa mazingira wa wilaya, na ndilo litakalobandikwa katika ubao wa ofisi ya kijiji. Miongoni mwa maandishi yanayongoja mkono wa mfasiri ni yale yanayotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2007 kuhusu viwango vya ubora wa udongo. Katika makala haya tumechagua sehemu ndogo sana ya somo hilo, nayo ni uhusiano uliopo baina ya minyoo na uchafuzi wa mafuta katika udongo na katika mashapo. Sehemu ni ndogo, lakini tutaona kwamba inaufichua udhaifu mmoja mkubwa wa orodha zetu za istilahi.

Ili tusijadili maneno hewani, yafaa tuchague mahali pa kuyapimia. Tumechagua Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, Mkoani Iringa. Hapo ndipo kiwanda cha karatasi kilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa shabaha ya kulipatia Taifa karatasi yake lenyewe. Pande hizo ni za misitu ya kupandwa, misumeno, matrekta na malori ya magogo. Na katika Nyanda za Juu za Kusini kwa jumla hupita barabara kuu iendayo Zambia, reli ya TAZARA, na bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710, lililokamilika mwaka 1968 kwa kupeleka mafuta ghafi Ndola na ambalo tangu mwaka 2023 limegeuzwa kupitisha dizeli. Penye mashine pana mafuta, na penye mafuta tone huanguka. Kusema hivyo si kumlaumu mtu wala shirika lolote. Ni kueleza tu kwa nini afisa wa huko anaweza kuhitaji maneno haya mapema kuliko wengine.

Sasa tuseme lori la dizeli limepinduka kando ya shamba. Wataalamu wamekuja, wameondoa udongo uliolowa sana, na ule uliobaki wameamua kuutunza mahali pamoja mpaka upone, huku wakitumia nyungunyungu katika hatua ya mwisho. Mtendaji wa kijiji anatakiwa kuwaeleza wananchi. Tangazo lifuatalo tumelitunga wenyewe kwa ajili ya uhakiki huu, lakini limeundwa kwa maneno ambayo mfasiri wa kawaida angeyashika kwanza:

“Minyoo wamewekwa katika udongo ili kula uchafu wa mafuta. Baada ya muda udongo utakuwa safi.”

Sarufi yake haina kosa, nayo ni fupi na yaeleweka upesi. Hata hivyo kila neno zito lililomo limepotoka kidogo, na mapotofu hayo madogo yakijumlishwa humpeleka msomaji kwenye imani isiyo kweli, yaani kwamba mafuta yakimwagika dawa yake ni kumwaga minyoo. Tulichambue neno kwa neno.

Mnyoo ni yupi?

Neno *mnyoo* ni jina pana la kundi, na katika somo la elimuviumbe halina ubaya. Lakini istilahi haisikiwi na mwanabiolojia peke yake. Katika masikio ya wananchi wengi minyoo ni wale wa tumboni: ni jambo la zahanati, la choo, la dawa wanazopewa watoto shuleni. Mama akiambiwa kuwa minyoo wamewekwa katika udongo wa jirani, swali lake la kwanza litakuwa kama watoto wake waruhusiwe kucheza huko pekupeku. Hatakuwa mjinga kwa kuuliza hivyo, maana wapo minyoo wa maradhi wanaoingia mwilini kwa kupitia ngozi ya miguu. Tangazo ndilo litakalokuwa limemtisha kwa jambo lisilokuwapo.

Lugha yetu inalo neno *nyungunyungu* kwa mnyoo wa udongoni mwenye mwili wa pingilipingili. Wako wanaosema kuwa neno hili lina kasoro kwa sababu baadhi ya wasemaji hulitumia pia kwa vidonda vya miguuni. Sisi hatuoni kuwa kasoro hiyo inatosha kulikataa, kwani muktadha hutenganisha kidonda na kiumbe bila taabu. Wengine hupenda kusema *chambo*. Hilo hatuliungi mkono kabisa: chambo ni kazi anayopewa kiumbe akiwa katika ndoana, wala si jina la kiumbe chenyewe, dagaa naye aweza kuwa chambo.

Ipo hadhari moja zaidi. Majaribio mengi ya kimataifa ya sumu za udongo hufanywa kwa aina moja maalumu, *Eisenia fetida*, ambaye ni nyungunyungu wa mboji na samadi. Nyungunyungu wa shamba la Mufindi, aishiye katika udongo mwekundu wenye tindikali, si lazima awe wa aina hiyo, wala si lazima astahimili kiasi kile kile. Kwa hiyo mfasiri anapokutana na jina la Kilatini asilifute kwa kuandika “nyungunyungu” tupu. Aandike “nyungunyungu wa mboji” na aliache jina la Kilatini pale pale. Akilifuta, atakuwa amegeuza habari ya aina moja kuwa habari ya ukoo mzima.

Mafuta na uchafu

Neno *mafuta* ni zuri kwa maisha na baya kwa kanuni. Ndani yake mna mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, dizeli na petroli. Wenye gereji wamelikwepa tatizo hili kwa kutohoa: wao husema *oili* na *grisi*, na ile iliyokwisha tumika huiita *oili chafu*. Oili chafu yenyewe hupakwa nguzo na mbao ili mchwa wasizile. Mtu anayeipaka nguzo yake anajua vizuri kuwa inaua wadudu, lakini kwa kuwa inaitwa “chafu” tu, hafikiri kuwa udongo ulio chini ya nguzo nao una viumbe.

Kwa maandishi ya kitaalamu tunaunga mkono neno *hidrokaboni*, yaani kemikali iliyojengwa kwa hidrojeni na kaboni peke yake. Wako waandikao *haidrokaboni*, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Kwa maoni yetu silabi si jambo la kugombania, bali kutofautiana ndani ya waraka mmoja ni kosa. Aandikaye *hidrojeni* na aandike *hidrokaboni*. Neno hili halitachukua nafasi ya *mafuta* katika tangazo la kijiji. Katika kanuni lakini halina budi kuwamo, kwa sababu mafuta ya alizeti yaliyomwagika hayapaswi kushitakiwa kwa kifungu kilichowekwa kwa ajili ya dizeli.

Ndani ya hidrokaboni kuna mtego uliokwisha wanasa wengi. Wanakemia wa karne ya 19 walikuta kemikali fulani zenye harufu ya kupendeza, wakaliita kundi lao kwa jina la harufu. Baadaye ikagunduliwa kuwa kinachoziunganisha ni umbo: atomi za kaboni zimeshikana kama pete, kama ilivyo katika benzini. Jina la kale likabaki ingawa maana imehama. Mfasiri anayefasiri jina badala ya maana huandika “hidrokaboni zenye harufu nzuri”, na msomaji akadhani anasoma habari za marashi. Sisi tunapendekeza *hidrokaboni za pete*, na zile zenye pete kadhaa zilizoungana ziitwe *hidrokaboni za pete nyingi*. Naftalini, ambayo kwa miaka mingi ilitiwa katika masanduku ya nguo kufukuza nondo, ina pete mbili. Benzopirini ina tano, nayo imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Kemikali za jamii hii hupatikana katika mafuta, katika lami, na katika masizi ya kuni zisizoungua sawasawa. Jina la pete humfundisha mwanafunzi jambo. Jina la harufu humpoteza.

Ama kuhusu *uchafu*, tunakumbusha kuwa uchafu ni kitu kionekanacho na kitiacho kinyaa. Benzopirini haionekani kwa macho. Kitu kinachochafua na kiitwe *kichafuzi*, tendo liitwe *uchafuzi*, na neno *uchafu* liachiwe kazi yake ya nyumbani.

Udongo, tope, mashapo

Tumeona mara nyingi maneno *tope* na *mashapo* yakibadilishana nafasi kama kwamba ni pacha. Tope ni hali: ni udongo uliochanganyika na maji, hata kama ni wa njiani baada ya mvua. Mashapo ni yaliyotua: ni chembe zilizobebwa na maji kisha zikazama zikajipanga chini ya mto, bwawa, ziwa au bahari. Walimu wa jiografia wanalifahamu neno hili kwa sababu ya miamba ya mashapo. Tofauti hii ina matokeo. Udongo wa shamba una hewa katika matundu yake. Mashapo ya bwawani, sentimita chache tu chini ya uso wake, mara nyingi hayana oksijeni. Na pasipo oksijeni mafuta hukaa miaka mingi. Anayeandika “tope” kwa kila kitu anaificha sababu ya mafuta kudumu.

Vitenzi vilivyokosekana

Sasa tunafika kwenye kiini cha uhakiki wetu. Orodha za istilahi zilizotolewa nchini tangu miaka ya 1970 zina sifa nyingi, nasi tunazitumia kila siku. Lakini azifunguaye ataona kuwa sehemu kubwa ya yaliyomo ni majina. Majina huorodheshwa kwa urahisi: jina la kigeni kushoto, jina la Kiswahili kulia. Vitenzi vimeachwa vijitafutie maisha. Matokeo yake ni kwamba mfasiri ana jina la kiumbe na jina la kemikali, lakini kile kinachotokea baina ya viwili hivyo hukiziba kwa kitenzi chochote kilicho karibu. Katika tangazo letu kitenzi hicho kilikuwa *kula*.

Je, nyungunyungu hula mafuta? Hapana. Hula udongo pamoja na majani yaliyooza, na mafuta yaliyomo huingia pamoja navyo. Kazi kubwa ya kuivunja hidrokaboni hufanywa na bakteria na kuvu. Viumbe hivi vidogo huitumia kaboni kuwa chakula, lakini vinahitaji oksijeni, unyevu, naitrojeni na fosforasi. Nyungunyungu anapotoboa njia zake huingiza hewa. Anapomeza na kutoa udongo huuchanganya na kuurutubisha. Na ndani ya utumbo wake bakteria hukuta mahali pazuri pa kuzaana. Kwa hiyo mchango wake ni wa kweli, ila ni mchango wa msaidizi. Dizeli mpya ikiwa nyingi humuua, au hukimbia. Liko hata jaribio sanifu linalotegemea kukimbia huko: sanduku hugawanywa sehemu mbili, moja yenye udongo safi na nyingine yenye udongo unaoshukiwa, na baada ya saa 48 huhesabiwa wangapi wamekwepa upande wa pili. Ndiyo maana nyungunyungu hutiwa mwishoni, mafuta yakiwa yamepungua, wala hawamwagwi juu ya dizeli iliyomwagika asubuhi.

Kitenzi *kula* kimempa nyungunyungu kazi ya bakteria. Afisa akikiamini atanunua nyungunyungu na kuwaua, huku akisahau samadi, hewa na maji ambavyo ndivyo bakteria wanavyovihitaji. Kosa la neno litakuwa kosa la fedha.

Lugha yetu inavyo vitenzi vya kutosha kumpa kila mtendaji haki yake, nasi tunapendekeza hivi vifuatavyo.

Kwanza, *kuozesha*, kwa kazi ya bakteria na kuvu. Katika miji yetu watu wamekwisha zoea kutofautisha taka zinazooza na zisizooza. Wazo la viumbe hai kuvunja kitu limo tayari ndani ya neno. Atakayesema kuwa mafuta hayaozi bali huchacha, tunamjibu kwamba kuchacha ni habari ya ladha na harufu, na kuozesha ni habari ya kuvunjwa na viumbe. *Kuvunja* peke yake hakutoshi, kwa maana jua na joto navyo huvunja. Na *kusafisha* kuepukwe kabisa mpaka vipimo vitoke, kwa maana hilo ni neno la hukumu ya mwisho.

Pili, *kufukua*, kwa kazi ya nyungunyungu katika udongo. Hapa kauli ya kutendea inatuonyesha nguvu yake. Tukisema kuwa nyungunyungu *huwafukulia bakteria udongo*, tumeeleza kwa maneno manne nani anafanya, nani anafanyiwa, na kazi ya kuozesha imebaki kwa nani.

Tatu, *kutibua*, kwa kazi ya minyoo waishio katika mashapo. Mtu akiyatibua maji ya kisima, mashapo yaliyotulia huinuka. Minyoo wa aina ya *Tubifex*, waishio katika mashapo ya maji baridi, huzamisha kichwa chini, humeza mashapo ya ndani, na kuyatoa juu. Hivyo kichafuzi kilichokwisha zikwa chaweza kurudishwa majini. Tendo lile lile lina faida na hasara: huingiza oksijeni, na tena hufufua kilichozikwa. Neno *kutibua* hubeba pande zote mbili, kwa sababu msemaji wa Kiswahili anajua kuwa atibuaye maji si lazima awe ametenda mema.

Nne, *kunata*, kwa jinsi hidrokaboni inavyoshika katika chembe za mfinyanzi na hasa katika mboji. Kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyozidi kunata na ndivyo inavyokuwa vigumu kuitoa.

Tano, *kunyonyeka*. Hili twaliona kuwa neno lenye faida kuliko yote, na tunaomba wasomaji walifikirie kwa makini. Mkemia akichukua udongo na kuukamua kwa dawa kali za maabara, hupata jumla ya hidrokaboni iliyomo. Lakini nyungunyungu hana dawa kali. Yeye hupata ile tu iwezayo kupenya ngozi yake yenye unyevu au ukuta wa utumbo wake. Wataalamu huitafutia sehemu hiyo majina marefu, na wafasiri wakaandika “upatikanaji wa kibiolojia”, maneno ambayo hata mwandishi wake hawezi kuyaeleza. Lakini kauli ya kutendeka inatupa jibu bila gharama: kinachoweza kulika ni kinacholika, kinachoweza kusomeka ni kinachosomeka, na hidrokaboni inayoweza kunyonywa na kiumbe ni *hidrokaboni inayonyonyeka*. Jumla ni jambo moja, *sehemu inyonyekayo* ni jambo jingine. Udongo wawili waweza kuwa na jumla sawa, mmoja ukaua nyungunyungu na mwingine usiue, kwa sababu katika wa pili mafuta yamenata katika mboji.

Sita, *kulimbikiza*. Kinachonyonywa na kisichovunjwa hubaki mwilini na kuongezeka. Neno hili tumelizoea katika habari za mali, nalo lafaa sana hapa: nyungunyungu hulimbikiza hidrokaboni za pete nyingi katika mafuta ya mwili wake, na kuku amlaye huzipata pamoja naye. Tangazo lililosema kuwa minyoo “wanakula uchafu” limeacha nje swali la mfugaji: kuku wangu je?

Wingi wa minyoo si ushahidi wa kupona

Kosa la kitenzi halidhuru tangazo peke yake. Huweza kudhuru hata ripoti ya kupima maendeleo. Mfano ujulikanao sana ni wa Marekani. Mwezi Septemba mwaka 1969 tishari lililoitwa Florida lilikwama karibu na West Falmouth, katika jimbo la Massachusetts, na mafuta yake yakaenea katika mashapo ya pwani. Viumbe wengi wa chini walikufa. Kisha mnyoo mdogo, *Capitella*, akajaa mahali pale kwa wingi wa ajabu, kwa kuwa alistahimili mafuta na washindani wake walikuwa wameondoka. Mtu ambaye msamiati wake unamwambia kuwa minyoo husafisha angeandika: “Minyoo ni wengi, pamepona.” Kweli ilikuwa kinyume chake, wingi wa aina moja ulikuwa dalili ya madhara. Watafiti waliorudi katika bwawa la chumvi la eneo hilo baada ya miaka 30 bado walikuta mafuta ndani ya mashapo.

Pwani yetu nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika katika hori la Makupa, Mombasa, na mikoko ikafa. Hori lenye mikoko ni mahali pa mashapo laini yasiyo na hewa nyingi, yaani mahali ambapo kunata hushinda kuozesha. Bara, mabwawa na mito ya Mufindi si hori la bahari, lakini kanuni ya kazi ni moja: yabidi kuuliza ni viumbe gani waliopo, na wanafanya nini, kabla ya kuhesabu ni wangapi.

Yatokanayo na upinzani

Tunatazamia pingamizi tatu. Ya kwanza ni kwamba vitenzi si istilahi. Istilahi ni majina ya vitu. Tunajibu kuwa sheria huamuru na hukataza kwa vitenzi. “Asimwage”, “asifukie”, “ataondoa”: hapo ndipo mwananchi anapofungwa au kuachiwa. Kama vitenzi havikusanifiwa, basi sehemu inayofunga ya sheria imeachwa wazi.

Ya pili ni kwamba vipimo vyenyewe vimetoka nje, basi na maneno yaje vivyo hivyo kwa kutoholewa. Kweli vimetoka nje. Jaribio la nyungunyungu lililochapishwa mwaka 1984 na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo hutumia udongo wa kutengenezwa: sehemu 70 katika mia ni mchanga, 20 ni kaolini, udongo mweupe wa jamii ya ule upatikanao Pugu, na 10 ni mboji ya vinamasi vya nchi za baridi, na nyungunyungu huangaliwa kwa siku 14. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka maneno yetu yawe wazi zaidi. Udongo mwekundu wa Mgololo si mchanganyiko huo. Mwenye neno *kunyonyeka* atauliza mara moja kama hidrokaboni hunyonyeka kwetu kama inyonyekavyo katika sanduku la maabara. Mwenye neno la kutoholewa atalikariri, na kukariri hakuzai swali.

Ya tatu ni kwamba mwanakijiji hahitaji maneno haya yote. Tunaafiki kuwa hahitaji *hidrokaboni za pete nyingi* katika ubao wa matangazo. Lakini *kufukua*, *kutibua*, *kunata*, *kuozesha* na *kulimbikiza* anavyo tayari. Ni vyake kabla havijawa vyetu. Tunachofanya ni kumrudishia maneno yake yakiwa na kazi maalumu.

Hitimisho

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tangazo letu tungeliandika upya namna hii:

“Udongo uliomwagikiwa dizeli umewekwa mahali pamoja. Bakteria wanaendelea kuozesha mafuta yaliyobaki. Nyungunyungu wametiwa ili wawafukulie udongo hewa ipite. Nyungunyungu hawa hawaleti maradhi ya tumbo, lakini wanalimbikiza mafuta miilini mwao; kuku wasiachiwe kuwala, na watu wasiwachukue kwa kuvulia samaki. Udongo usichukuliwe kwa kupandia mpaka vipimo vionyeshe kuwa mafuta yanyonyekayo yamepungua kufikia kiwango kilichowekwa.”

Limekuwa refu kuliko la kwanza, lakini halina neno hata moja ambalo mtendaji wa kijiji hawezi kulieleza kwa mdomo wake, na linamwambia kila mtu afanye nini: mfugaji, mvuvi, mkulima na afisa. Tunashauri basi kwamba katika orodha zijazo za istilahi za mazingira, kila kundi la majina liandamane na vitenzi vyake, na kila kitenzi kionyeshwe mtendaji wake na kauli zake. Walimu wa sayansi wavijaribu vitenzi hivi darasani, wafasiri wavijaribu katika kanuni, na penye kasoro tuelezane. Kamati ikishaamua, yafaa uamuzi huo uzifikie ofisi za wilaya kabla lori halijapinduka.